Chuma Hakiumi, Dawa Ndiyo Inayouma

Mwili uliojaa chuma hauumi. Mtu anaamka, anapiga mswaki, anapanda matatu kwenda zake, na huku chuma cha damu alizoongezewa kinazidi kumharibu ini bila yeye kuhisi lolote. Anayehisi ni yule anayekunywa dawa ya kukitoa hicho chuma: tumbo linamsokota, kichefuchefu kinampanda, vipele vinamwasha. Mwache mgonjwa aamue kwa kuusikiliza mwili wake ni kipi kinachomdhuru, naye atakuambia ni dawa. Ataiacha, na wala hutajua.

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, ana selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu za damu. Asili yetu ni Kilifi, ambako ugonjwa huu si mgeni, kama usivyo mgeni Nyanza na Magharibi, lakini yeye amekulia hapa Nairobi, Umoja, na mambo yake yote ya hospitali ni ya mjini humu. Alipata kiharusi akiwa darasa la pili. Mkono na mguu wa kulia vililegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakamtoka yamevurugika. Alipona kiasi cha kurudi shuleni. Tangu hapo huongezewa damu kila baada ya wiki nne hivi, kwa sababu mtoto wa selimundu aliyewahi kupata kiharusi akiachwa hivi hivi, uwezekano wa kupata kingine ni mkubwa mno. Hata kwa wale ambao hawajakipata bado, utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1998, ule unaojulikana kwa jina la STOP, ulionyesha kwamba watoto ambao mishipa ya kichwani ilikuwa tayari na dalili za hatari waliepushwa na kiharusi kwa takriban asilimia 90 walipoongezewa damu mara kwa mara. Kwa hiyo sitaki mtu asome makala haya akaondoka na wazo kwamba damu ndiyo mbaya. Damu imemweka mdogo wangu akitembea kwa miguu yake.

Lakini damu huja na mzigo. Painti moja ina kama miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili wa binadamu haukupewa njia ya kukitoa. Hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku, na hizo hufidiwa na chakula. Piga hesabu ya mtu anayetiwa painti mbili kila mwezi: kwa mwaka ameingiza karibu gramu 5 za chuma. Mwili mzima wa mtu mzima mwenye afya, kuanzia damu hadi uboho, una gramu 3 au 4 tu. Kile cha ziada lazima kikae mahali, na mahali pa kwanza ni ini. Kikizidi huenda kwenye kongosho kikaleta kisukari, kwenye tezi iliyo chini ya ubongo kikachelewesha balehe, na kwenye moyo. Kwa wenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, moyo ndio uliokuwa ukiwamaliza wakiwa bado vijana. Kwa wenye selimundu moyo huguswa polepole zaidi, ini ndilo linaloumia mapema.

Ndiyo maana feritini, kipimo cha damu kinachoashiria chuma kilichohifadhiwa mwilini, ikipita nanogramu 1000 kwa mililita, au baada ya painti kumi na kitu hadi ishirini, daktari huanza kuzungumzia dawa ya kutoa chuma. Na mazungumzo hayo, kwa jinsi nilivyoyasikia mara nyingi kwenye kliniki za mjini, huwa ni mafupi. Unaandikiwa, unaambiwa anywe kila siku, asikose. Kuhusu madhara unaambiwa tumbo linaweza kusumbua kidogo. Yaliyobaki mnakutana nayo nyumbani.

Nyumbani kwetu tulikutana nayo chini ya godoro. Mama alikuwa akitandika kitanda cha mdogo wangu, akakuta vidonge vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, vingi, vingine vimeshaanza kumeng'enyeka. Hakupiga kelele. Alimngoja arudi shuleni, akamwekea chakula, kisha akavitoa mezani.

"Mwanangu, hivi ni nini?"

"Mama, nikivinywa asubuhi naharisha. Nikiomba ruhusa ya kwenda chooni darasa zima linacheka."

Ilikuwa kidato cha kwanza. Mama alinipigia simu usiku ule, na mimi nikaenda naye kliniki iliyofuata, na kuanzia hapo nikawa ndiye wa dawa.

Dawa yenyewe ni deferasiroksi, ambayo Marekani iliipitisha mwaka 2005 kwa jina la Exjade. Ile aliyokuwa akinywa ni ya kuyeyusha: unaidondosha kwenye glasi ya maji au juisi ya machungwa, unakoroga mpaka iwe maji meupe mazito kama chokaa, anakunywa tumbo tupu nusu saa kabla ya kula, kisha unasuuza glasi kwa maji kidogo na anakunywa hayo pia, maana dawa nyingine hubaki imegandamana kwenye kuta. Maziwa hayafai, soda haifai. Hayo tulikuwa tunayajua. Ambalo hatukuwa tumeambiwa ni kwamba vidonge vile vina laktosi ndani yake, sukari ile ya maziwa, ambayo matumbo ya watu wazima wengi wa kwetu hayaipatani. Daktari kijana aliyetupokea siku hiyo ndiye aliyelitaja. Kumbe tangu 2015 ipo aina nyingine ya dawa hiyo hiyo, kidonge chenye ngozi nyembamba kinachomezwa mara moja, hakina laktosi, na kinaweza kunywewa pamoja na chakula chepesi. Akambadilishia, akamruhusu anywe jioni badala ya asubuhi. Kuharisha kulipungua sana. Hakukuisha kabisa, lakini kulipungua kiasi cha mtoto kukaa darasani.

Hapa pana jambo ambalo ningeomba kila mwenye mgonjwa alikariri. Aina hizo mbili zina jina moja la dawa ila dozi zake hazilingani. Dozi ya miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili katika ile ya kuyeyusha ni sawa na miligramu 14 katika ile ya kumeza. Ukienda kemisti nyingine mwezi huu kwa sababu ile ya kwanza imeishiwa, ukapewa aina tofauti bila mtu kupiga hesabu upya, mtoto anaweza kunywa zaidi ya anachopaswa kwa zaidi ya theluthi, au akanywa pungufu. Kabla ya kulipa soma pakiti pale pale kaunta, uulize ni ya kuyeyusha au ya kumeza.

Tumbo na vipele ndivyo vinavyolalamikiwa, na mara nyingi vipele hupoa vyenyewe au dozi ikipunguzwa kwa muda. Mimi siogopi vile. Ninachokiogopa ni figo.

Deferasiroksi inaweza kuumiza figo, na kwa mtu wa selimundu figo zenyewe zilishaanza kuonewa na ugonjwa tangu utotoni. Kipimo kinachoonyesha hilo ni kreatinini, taka ambayo figo nzima huichuja kutoka kwenye damu. Ikipanda, figo zinachoka. Sasa angalia mtego ulipo. Watoto na vijana wa selimundu mara nyingi figo zao huchuja kupita kiasi kwa miaka ya mwanzo, hivyo kreatinini yao huwa chini kuliko ya watu wengine. Mdogo wangu yake ilikuwa mikromoli 40 kwa lita. Mwaka mmoja, katika msimu aliokuwa mgonjwamgonjwa, majibu yalirudi 58. Karatasi ya maabara iliandika kawaida, kwa kuwa kwa mtu mzima yeyote 58 ni kawaida kabisa, na aliyetupokea aliikunja karatasi akaiweka faili. Nikaomba arudie kuangalia majibu ya nyuma. Kutoka 40 kwenda 58 ni kupanda kwa karibu nusu. Mwongozo wa dawa yenyewe unasema ikipanda zaidi ya theluthi juu ya kiwango cha mtu huyo kabla hajaanza dawa, na ikarudia hivyo mara ya pili, dozi ipunguzwe. Ikapimwa tena, ikawa bado juu. Dozi ikapunguzwa, na figo zikatulia.

Ndiyo maana nasema kiwango cha kwanza ni mali. Kreatinini inatakiwa ipimwe mara mbili kabla ya kidonge cha kwanza, ili mjue mtoto wenu anaanzia wapi. Kisha kila wiki kwa mwezi wa kwanza, halafu kila mwezi, pamoja na mkojo kuangaliwa kama unapoteza protini, na ini kupimwa. Usipokuwa na ile namba ya kwanza, namba zote zinazofuata hazina pa kulinganishwa. Najua kila kipimo kina bei yake. Nimewaona akina mama wakihesabu noti kwenye foleni ya malipo, wakaamua dawa inunuliwe na vipimo visubiri mwezi ujao. Siwalaumu hata kidogo. Ninachokataa ni mpangilio unaowafanya waone vipimo ni nyongeza. Kwa dawa hii vipimo ni nusu ya matibabu, na bima yoyote inayolipia kidonge ikaacha kreatinini haijalipia matibabu.

Sababu ya figo zake kuchoka mwaka ule tuliijua baadaye. Alikuwa amepata maumivu ya mifupa, yale ya kumkunja mtu kitandani, akapelekwa zahanati moja ya mtaani usiku. Akachomwa sindano ya diklofenaki, akapewa na vidonge vyake vya kwenda navyo nyumbani. Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani. Diklofenaki na ibuprofeni ndizo dawa za maumivu zinazotolewa kirahisi zaidi hapa mjini, kemisti yoyote anakupa, na kwa mtu wa selimundu maumivu ndiyo maisha. Lakini dawa hizo hubana figo na kuchubua tumbo, na deferasiroksi nayo hufanya vile vile, hadi tumbo kutoka vidonda na kuvuja damu. Zikikutana mwilini mwa mtu ambaye siku hiyo hana hata hamu ya kunywa maji, figo zinapigwa kutoka pande zote. Sasa ana karatasi ndogo ndani ya kava la simu: natumia deferasiroksi, nisipewe diklofenaki wala ibuprofeni bila daktari wangu kujua. Daktari wake alimpangia utaratibu mwingine wa maumivu, kuanzia paracetamoli na kupanda, na kujua mapema ni wakati gani wa kwenda hospitali.

Na siku za homa, kutapika au kuharisha sana, dawa ya kutoa chuma husimamishwa mpaka apone na aanze kunywa maji vizuri. Hili watu hulikataa wakilisikia, kwa sababu tumezoea kuambiwa usikose dozi hata moja. Chuma kimekusanyika kwa miaka. Siku chache hazitabadilisha kitu, ila figo zilizokaushwa na homa zinaweza kuharibika kwa siku hizo hizo chache. Simamisha, piga simu kliniki, wakuambie lini aanze tena.

Dawa nyingine mbili nitazipitia kwa ufupi, maana sijaishi nazo. Ya zamani ni deferoksamini, wengi wanaiita Desferal, iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Hainyweki. Inaingia kwa sindano chini ya ngozi, kwa pampu ndogo, saa 8 hadi 12, usiku wa siku 5 au zaidi kwa wiki. Pale kliniki tulizoeana na dada mmoja wa Parklands mwenye thalasemia aliyekulia kwenye pampu hiyo. Alinionyesha tumbo lake: mabonge magumu chini ya ngozi, moja kando ya jingine, kiasi kwamba jioni alikuwa akipapasa kwa vidole kutafuta pahali palipobaki laini. Yeye aliguswa masikio. Alianza kwa kutosikia mlio mwembamba wa simu yake huku sauti za watu akizisikia vizuri, na hivyo ndivyo inavyokuwa, sauti nyembamba za juu hupotea kwanza. Dawa hiyo inaweza pia kugusa macho, hasa uonaji wa usiku, na kwa watoto wadogo ikazuia kurefuka. Mkojo hugeuka mwekundu, jambo ambalo halina madhara lakini humtisha mtu asiyeambiwa, na kwa mwenye selimundu hufanana na mkojo mweusi wa damu inayovunjika. Tena kuna bakteria wa tumboni wanaoitwa yersinia ambao hustawi wakisaidiwa na dawa hii, hivyo homa pamoja na maumivu makali ya tumbo ni ya kukimbilia hospitali na pampu imezimwa.

Ya tatu ni deferiproni, vidonge mara tatu kwa siku. Hii inasifiwa kwa kutoa chuma moyoni. Hatari yake kubwa ni kwamba kwa mtu mmoja au wawili katika kila mia, chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi huporomoka karibu zote. Anayeitumia anapaswa kupimwa damu mara kwa mara, kila wiki mwanzoni, na akipata homa au koo kuuma aache dawa na apimwe siku hiyo hiyo. Homa kwa mtu wa deferiproni usiiite malaria ukanunua dawa njiani. Huleta pia maumivu ya viungo, na kwa selimundu hilo linachanganya kweli, mgonjwa na daktari wote hawajui kama ni ugonjwa au ni dawa.

Masikio na macho ya mdogo wangu hupimwa kila mwaka pia, kwa sababu deferasiroksi nayo inaweza kuyagusa, ingawa si mara nyingi.

Kuna jambo moja linaloenda kinyume na tunavyotarajia, nalo ni kwamba hatari ya madhara huongezeka kadiri chuma kinavyopungua. Dawa hizi zikiwa na chuma kingi cha kushika zina kazi ya kufanya. Chuma kikikaribia kuisha na dozi imebaki ile ile ya juu, zinaanza kuudhuru mwili wenyewe. Kwa hiyo feritini ikishuka chini ya 1000 dozi huangaliwa upya, na ikifika chini ya 500 dawa husimamishwa kwa muda. Familia nyingi zikisikia feritini imeshuka husherehekea na kuendelea vile vile. Sherehekeeni, lakini siku hiyo hiyo mwulize daktari kuhusu dozi.

Feritini yenyewe nayo si ya kuaminiwa ikiwa peke yake. Hupanda mtu akiwa na maambukizi au akitoka kwenye maumivu makali, hata kama chuma hakijaongezeka. Ipimwe akiwa mzima, na iangaliwe mwendo wake wa miezi, si namba moja. Chuma chenyewe cha kwenye ini huonekana vizuri zaidi kwa MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, na nikiwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja hospitali za umma ningeanzia hapo.

Na jamani, ndugu na marafiki. Mjomba wetu anampenda sana huyu kijana, na kila akija kutoka Kilifi huleta chupa ya dawa ya maji ya kuongeza damu, kwa sababu amesikia mtoto hana damu. Ile ni chuma. Vidonge vya pamoja vya chuma na foliki wanavyopewa wajawazito navyo ni chuma, wakati yeye anahitaji foliki tupu. Mama hupokea chupa kwa mikono miwili, hushukuru, na huiweka kabatini bila kuifungua. Kuhusu chakula hatumnyimi sukuma wala managu. Chuma kinachomlemea kimepita kwenye mshipa, si kwenye sahani. Chai ya rangi pamoja na chakula hupunguza chuma kinachofyonzwa tumboni, na anaipenda, basi anakunywa.

Watu huniuliza kwa nini asiache damu akabaki na haidroksiurea, dawa ya kunywa ya selimundu. Kwa baadhi ya watoto ambao hawajawahi kupata kiharusi hilo limejaribiwa na limewezekana, likisimamiwa na daktari. Kwa aliyekwisha kupata, kama yeye, utafiti uliojaribu kuwabadilisha ulisimamishwa mapema kwa kuwa haukuonyesha faida kwenye chuma cha ini, na baadhi ya waliobadilishwa walipata viharusi huku walioendelea na damu hakuna aliyepata. Kwa hiyo damu ipo, na dawa ya kutoa chuma ipo, na sisi tuko nayo. Sasa ana miaka 19 na kadi yake anaishika mwenyewe. Akiingia kwa daktari husema namba yake ya mwanzo kabla hajaulizwa.

Juzi jirani yetu wa ghorofa ya chini alinigongea. Binti yake ameandikiwa deferasiroksi, pakiti anayo mkononi, na amesikia kwa watu kwamba inaua figo. "Dada, nimwanzishie kweli?" Nilimwambia amwanzishie, kwa sababu chuma hakitamngoja, lakini pakiti ikae kabatini kwanza. Tukakaa kwenye ngazi nikamwandikia: kreatinini mara mbili, mkojo, ini, masikio, macho, na uzito wake wa leo. Aulize kama ni ya kuyeyusha au ya kumeza. Aulize namba ya simu ya kliniki kwa siku za homa. Damu ya kwanza ametoa Jumanne, ya pili ni wiki ijayo, na majibu yote mawili nimemwomba ayaandike kwa kalamu ndani ya jalada la kadi, mahali ambapo hata muuguzi wa zamu ya usiku atayaona.